Saa za Ng'ambo

Mimi ndiye Kapteni Russ. Nasema mapema ili usije ukalalamika kwamba nimekudanganya, maana watu niliowadanganya wanatosha. Kapteni Russ ana ndevu nyeupe, mashua ya futi ishirini, na miaka arobaini ya kuvua samaki huko Massachusetts, Marekani. Mimi naitwa Ndindi, nina miaka arobaini na mmoja, naishi Kariobangi, Nairobi, orofa ya nne, na bahari nimeiona mara moja tu, nikiwa kidato cha pili, kupitia dirisha la basi la shule.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna tovuti moja ya wavuvi huko Marekani inayotaka makala kila wiki. Mwenye tovuti amempa kazi Lydiah, mwenye ofisi ndogo mtaa wa jirani wa Lucky Summer, na Lydiah akanipa mimi. Jina linalotokea juu ya makala ni la Kapteni. Katika mkataba niliotia sahihi kulikuwa na sharti moja la herufi nzito: mwandishi asijitambulishe kwa msomaji kwa njia yoyote. Sikuona tabu. Nani angetaka kunijua mimi?

Kwa miezi kumi na minne nimeandika juu ya samaki mmoja. Ni mkubwa, mweupe tumboni, na ubavuni ana mistari myeusi saba au minane iliyonyooka kama ya daftari. Jina la Kiswahili hana, kwa hiyo mimi na mama tulimwita Mistari, kama vile ni jirani. Mistari huingia kwenye milango ya mito, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari, na mwendo wake wote ni wa maji. Bahari ikijaa, anapanda nayo hadi kwenye majani ya kinamasi. Ikianza kupwa, vidagaa wanakokotwa kurudi nje, naye anawangoja kwenye mkondo, kazi yake kufungua mdomo tu. Mvuvi asiyejua saa za kujaa na kupwa anarudi nyumbani na ndoo tupu. Kwa hiyo kila mwezi, zaidi ya makala, nilitakiwa kuandaa jedwali: bahari itajaa saa ngapi na itakupwa saa ngapi, mara mbili mbili kwa siku, mwezi mzima.

Saa hizo sikuzitunga. Zilitoka kwenye jedwali rasmi la kwao, ambalo Lydiah alinitumia kama picha, na picha hainakiliki. Ilinibidi kusoma namba moja moja na kuzipiga upya, mia moja na ishirini kwa mwezi. Macho yangu siku hizi yanachoka kabla yangu, na mimi mwenyewe naamka nimechoka.

Mwaka huu mama alikuja kuishi nami kwa sababu ya miguu yake. Ni Mwalimu Kasiva. Kwetu Kitui hakuna anayemwita jina lingine. Alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mbili, Kiswahili na hesabu, na vizazi viwili vya kijiji kile vilijifunza kusoma saa kutoka kwake. Alikuwa na saa ya kadibodi yenye mishale ya bati. Aliwaambia watoto waangalie mshale mfupi umesimama wapi, kisha wavuke hadi ng'ambo ya pili ya duara, na namba watakayoikuta huko ndiyo saa yenyewe. Mshale ukiwa kwenye tisa, ng'ambo kuna tatu. Saa tatu. Hata mimi nilijifunza hivyo, nikachapwa hivyo.

Sasa miguu imevimba na ngazi za orofa nne haziwezi. Siku za kliniki vijana wawili wa karakana ya chini, wanaotengeneza masanduku ya bati, humbeba akiwa ameketi kwenye kiti. Siku nyingine zote anakaa dirishani, mimi nipo mezani na kompyuta, na nyundo za chini zinatupigia kichwani kutwa nzima. Na mwalimu asiye na darasa ni shida. Alisahihisha watangazaji wa redio. Alisahihisha mapasta. Alinisahihisha mimi ninavyomenya viazi. Nilimpenda mama yangu, lakini kuna siku nilitamani kwenda chooni nikajifungie huko mpaka jioni.

Basi Jumapili ya mwisho ya Agosti nilikuwa nimechoka hasa. Maji yalikuwa hayajatoka mtaani siku nne, na nilikuwa nimepandisha mitungi sita ngazi zile zote. Jedwali la Septemba lilikuwa linangojwa. Mama akaniona ninavyosugua macho.

"Lete hiyo picha nikusomee," akasema. "Wewe piga tu."

Nikampa simu. Akavaa miwani, akainua kidevu, akaanza kwa sauti ya darasani. Mimi na yeye huongea Kikamba, lakini saa huzisoma kwa Kiswahili sanifu, hataki mchezo. Jumamosi tarehe sita: kujaa, saa nane na dakika hamsini, kupwa, saa tatu na dakika tano, kujaa, saa tisa na robo, kupwa, saa tatu u nusu. Nikapiga 8:50, 3:05, 9:15, 3:30. Asubuhi na jioni zilikuwa zimeshaandikwa kwenye fomu. Kompyuta ikazipanga yenyewe kuanzia saa ndogo hadi kubwa, jedwali likatoka safi, na tulimaliza kwa muda mfupi kuliko mwezi wowote. Kama umeshaona kosa, umenishinda. Nilimshukuru mama, nikampikia chai, nikamtumia Lydiah kazi, nikalala.

Sasa nikueleze kuhusu Mzee Walter. Ni msomaji wa Kapteni, ana miaka sabini na mitatu, na tangu Machi alikuwa akituma barua pepe. Lydiah alikuwa akizifungua na kunipa nijibu. Kwao ni bara, mbali na bahari, na maisha yake yote alikuwa amevua ziwani, ambako maji hukaa mahali pake. Mkewe alipofariki, binti yake alimhamishia karibu naye huko pwani. Halafu akafanyiwa upasuaji wa nyonga, akawekewa ya chuma. Barua zake zilikuwa fupi na za adabu. Aliuliza maswali ambayo mimi pia ningeyauliza, na chini ya kila barua aliandika namba yake ya simu, endapo Kapteni angepita karibu na kutaka kahawa. Nitasema ukweli: nilizingoja barua zile. Siku nzima hakuna aliyeniuliza kitu ila yeye.

Mwezi wa Aprili niliandika makala juu ya kusoma maji bila saa, nikapungukiwa maneno mia moja. Nikamuuliza mama, mtu atajuaje kwamba maji yanapanda? Akanishangaa. Akanikumbusha mto wetu wa mchanga, ambao watoto wa ng'ambo waliuvuka kuja shule. Mvua ikinyesha huko juu milimani, mto unaweza kupanda na hapa jua linawaka. Kwa hiyo mwalimu alichomeka kijiti palepale maji yanapoishia, akaita majina ya darasa zima, kisha akakitazama. Kijiti kikiwa kimefunikwa, havuki mtu. Nikampa Kapteni Russ kijiti kile, kikawa cha babu yake mvuvi. Walter aliandika kusema kwamba katika yote aliyosoma, hilo ndilo aliloelewa mara moja.

Ijumaa tarehe tano Septemba alileta barua. Daktari alikuwa amemruhusu kuingia majini kwa mara ya kwanza tangu upasuaji. Kuna fungu la mchanga kwenye mlango wa mto karibu na kwao, mbali kidogo na ufuo, na katikati kuna mkondo ambao maji yakipwa unavukika kwa miguu. Jedwali alikuwa amelichapisha na kulibandika kwenye friji. Maji yangejaa 8:50 asubuhi, kisha yangetoka mpaka 3:30 mchana. Angetoka nyumbani kabla ya saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu, maana mwendo wake ni wa polepole, aingie mara maji yakishuka, ayafuate hadi mwisho wa fungu. Binti yake alikuwa safarini. Angekwenda peke yake.

Nikamjibu kama Kapteni. Nilimtakia heri, nikamwambia asiwe na haraka na hiyo nyonga, maji yatakuwa yanatoka mchana kutwa.

Kesho yake, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mama akasema tuanze jedwali la Oktoba. Lakini kwanza alitaka kuliona lile la Septemba, maana mwalimu hawezi kuacha kazi bila kuisahihisha. Nikamgeuzia kompyuta. Akaweka simu yenye picha kando yake, akawa anapitisha kidole huku na huku. Kidole kikasimama.

"Hapa kwenye picha ni 9:05," akasema. "Wewe umeandika 3:05."

"Si ulisema saa tatu na dakika tano?"

"Ndiyo. Na saa tatu na dakika tano ni 9:05."

Nyundo za chini ziliendelea. Nilitazama mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimeandika saa zote za mwezi kama zilivyotoka mdomoni mwake, na saa zetu na zao zimeachana kwa sita. Na maji nayo, kutoka kujaa hadi kupwa, ni saa sita na dakika kidogo. Kila mahali bahari ingejaa, mimi nilikuwa nimeandika itakupwa, na kila mahali ingekupwa, nimeandika itajaa. Jedwali lilikuwa limekaa sawa kabisa, ila lilikuwa la ng'ambo ya pili ya duara. Huko Massachusetts maji yangekuwa chini kabisa 9:05 asubuhi. Walter angefika, angekuta fungu liko wazi, angefurahi, angetembea hadi mwisho na nyonga yake mpya akijua ana mchana mzima. Na kuanzia dakika ile maji yangekuwa yanapanda, yakijaza kwanza mkondo ulio nyuma yake.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Kwao, mbili kasoro dakika ishirini za asubuhi.

Nikampigia Lydiah. Nilimwomba awasiliane na mwenye tovuti, ampate yule mzee. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ndindi, tulia kwanza," akasema. "Nikimwambia yule mzungu kwamba Kapteni wake hajui kusoma saa, sisi wote kumi na mmoja tumeenda nyumbani. Rekebisha tu kwa ukurasa polepole. Jumatatu hakuna atakayejua."

Nilimwambia ukurasa ule uko kwenye friji ya mtu. Nilimwambia nina namba yake ya simu.

"Ukimpigia, umejitoa mwenyewe. Mimi sikufukuzi."

Sikumlaumu sana. Ana watu wengine wanaomtegemea, na Walter hakuwahi kumwandikia yeye. Nikaliondoa jedwali kwenye ukurasa, nikajaza muda wa maongezi kwenye simu, nikapiga Marekani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Simu iliita, ikaita, kisha sauti ya mzee ikasema niache ujumbe. Ilikuwa sauti nyembamba kuliko nilivyoifikiria. Nikasema, kwa Kiingereza cha Kariobangi, kwamba mimi si Kapteni, hakuna Kapteni, mimi ni mwanamke naitwa Ndindi niko Nairobi, na saa zote nilizompa ni za uongo, maji yatapanda, tafadhali asiende. Nikapiga tena. Nikapiga mara kumi na moja. Mara ya mwisho ilikuwa saa kumi u nusu, na kwao ilikuwa 9:30, na nilijua ameshatia miguu majini.

Hapo nikamgeukia mama.

"Ni wewe," nikamwambia. "Nani duniani bado anasoma saa hivyo? Miaka thelathini na mbili unafundisha watu saa za kinyume, na sasa umemuua mtu."

Alivua miwani, akaipangusa kwa kanga.

"Si za kinyume," akasema. "Jua likitoka ndipo mtu anaanza kuhesabu." Kisha akageuza uso dirishani.

Nilijua nimefanya nini. Nilikuwa mimi niliyepiga zile namba, mimi niliyemwambia yule mzee asiwe na haraka. Lakini nilikuwa nimechoka sana kiasi cha kutaka mtu mwingine alibebe kosa, na aliyekuwa karibu ni mgonjwa asiyeweza hata kuondoka chumbani. Niliketi sakafuni na simu mapajani. Saa kumi na moja. Kumi na mbili. Chini wale vijana walifunga karakana, nyundo zikanyamaza, na kimya kikawa kibaya kuliko kelele. Niliwaza mkondo ule ambao sijauona, nikimwekea Walter maji gotini, kisha kiunoni. Sikuweza kwenda mbele ya kiunoni.

Mama aliuliza swali moja tu, bila kugeuka: kama yule mzee alikuwa na kijiti. Nikamwambia sijui.

Saa moja jioni simu ikaita. Namba ilianza na moja.

Mzee Walter alikuwa ndani ya gari lake, analia au anatetemeka, sikujua. Alikuwa ameacha simu garini, na ujumbe wangu ndio alikuwa amemaliza kuusikia sasa hivi. Akasimulia bila mpango. Alifika, akakuta fungu liko wazi mapema, akadhani ni upepo ulioyasukuma maji. Akatembea hadi mwisho. Akachomeka kijiti pale maji yanapoishia, kama Kapteni alivyofundisha, akamimina kahawa. Alipomaliza kikombe, kijiti hakikuwepo. Alisimama akiangalia karatasi yake, iliyosema maji yanatoka, na akaangalia mahali pa kijiti. Akachomeka kingine. Kikaenda. Ndipo akauamini mchanga badala ya karatasi, akageuka. Kwenye mkondo maji yalikuwa yamemfika kifuani. Alianguka mara moja, akapoteza fimbo ya kuvulia na kofia ya marehemu mkewe, akatoka kwa magoti.

Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa Kiingereza, na nadhani nilimwomba na kwa Kiswahili. Akasema kwamba alikuwa amekasirika, na bado amekasirika, na nisidhani hajakasirika. Amekuwa akimwandikia mtu miezi sita na mtu huyo hayupo. Nikasema ni kweli. Akauliza, na kijiti? Kijiti nacho nilikitunga?

"Hapana," nikasema. "Kijiti ni cha mama yangu."

Akauliza kama mama yu hai. Nikasema yuko hapa. Akaomba kuongea naye.

Nikainuka, magoti yananiuma, nikamshikisha mama simu. Alimsalimu kwa kile Kiingereza chake cha darasani, kila neno limesimama peke yake. Alimsikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamwambia kwamba kikombe cha kahawa ni muda mrefu mno wa kungoja. Wakati mwingine aite majina arobaini, ya watu anaowajua, na atazame. Walter akasema sijui nini. Mama akasema anaelewa, yeye naye alizika mume, majina yanakwisha upesi, basi arudie ya wale waliokufa. Walipoagana alinirudishia simu. Walter alikuwa ametulia. Akaniambia anahitaji saa za mwezi uliobaki, zile za kweli, na nimtumie kwa jina langu.

Mchana nilikuwa nimemwandikia Lydiah kwamba nimepiga, na jibu lake lilikuwa limeingia tulipokuwa tukiongea. Maneno mawili, asante na kwaheri. Nimefikiria tangu siku ile kwamba simu zangu kumi na moja hazikumwokoa mtu. Zililia ndani ya gari tupu na kunitoa kazini, basi. Ningenyamaza, Walter angetoka majini vilevile, na Kapteni Russ angekuwa bado anaandika. Hilo linanichosha nikiliwaza, lakini siwezi kusema ningefanya vingine.

Niliwasha taa. Nikaketi kwenye kigoda mbele ya mama, nikachukua miguu yake, nikaanza kuikanda kama daktari alivyotuelekeza. Ilikuwa mizito na ya moto.

"Nisamehe, mwaitu, mama yangu," nikasema.

"Zilikuwa ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Zile ulizokosa."

"Zote mia moja na ishirini."

"Kati ya?"

"Kati ya mia moja na ishirini."

Akatafakari, kama alivyotafakari juu ya madaftari maisha yake yote.

"Basi hiyo sifuri ni yetu sisi wawili," akasema. "Lete kompyuta. Safari hii nitasoma namba, sitasoma saa."

Nikafuta mikono, nikaleta. Akavaa miwani, akashika simu mbali kidogo na uso.

"Jumapili, tarehe saba," akasema. "Kujaa. Tatu, tatu, tano."